Mwalimu Aliyeuliza Tumepima Nini

Taarifa ya kifo chake ilifika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa shule, ambalo sijalitoka ingawa wanangu wameshakua, ikabanana kati ya tangazo la sare mpya na malalamiko ya mzazi mmoja kwamba uji wa watoto umekuwa mwepesi. "Ndugu wazazi, yule mwalimu wetu wa Matogoro hatunaye tena. Amefariki alfajiri ya leo. Taratibu za mazishi mtajulishwa." Watu wakaanza kuandika pole, na baada ya muda mfupi mzazi wa uji akarudi na uji wake. Sikumlaumu. Marehemu mwenyewe angemuuliza kwanza amejuaje kwamba uji ni mwepesi, ameuonja au ameuona tu, na kama ameuonja, ni siku moja au siku nyingi. Ndivyo alivyokuwa. Hakuwa rafiki yangu kwa maana ya watu kutembeleana na kuachiana watoto. Tulifahamiana, tuliheshimiana, na mara nyingine tulichoshana. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba huwa siandiki habari za waliokufa, kwa sababu waliokufa huwa wema mno magazetini. Leo navunja desturi hiyo, maana kuna jambo alilolifanya ambalo nadhani nisiposema mimi halitasemwa.

Kwa wasiomfahamu, alikuwa mkufunzi wa saikolojia katika chuo kimoja cha ualimu, na somo lake hasa lilikuwa upimaji, yaani namna ya kutunga mitihani na namna ya kujua kama mitihani hiyo ina maana yoyote. Alipostaafu alibaki kwenye nyumba yake ya Matogoro, chini ya mlima, akilima mahindi na maharage na kuwakaripia vijana waliopandisha mashoka kwenda msituni. Alikuwa mwembamba, mwenye sweta mwaka mzima, na sauti isiyopanda hata akikasirika. Wanafunzi wake wa zamani, ambao wamejaa katika shule za mkoa huu, walimwita Mama Umepima Nini, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa kila mtu. Siku moja nilimwambia kwamba safu yangu inasomwa sana. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema watu wananipigia simu. "Wanaopiga simu ni wenye hasira na wenye shida," akasema. "Hapo umepima hasira, mwandishi, wasomaji hujawapima bado." Nilinuna kwa wiki nzima, na bado naamini hakuwa na haja ya kuniambia hivyo mbele ya mke wangu.

Alikuwa na mfano mmoja aliourudia mpaka tukauzoea. Chukua debe, alikuwa akisema. Debe lile lile, ukilipimia gunia la mahindi asubuhi na ukapima tena jioni, litakupa jibu lile lile. Hicho ni kipimo cha kuaminika. Sasa anakuja mnunuzi, anataka kujua kama mahindi yamekauka. Utamletea debe? Yeye atachota punje, ataing'ata, atasikiliza inavyovunjika. Debe halijatoboka wala halijadanganya, ila halijibu swali la mnunuzi. Kuaminika, alisema, ni kipimo kutoa jibu lile lile kila ukirudia, na uhalali ni kipimo kujibu swali uliloliuliza. Kisha angetutazama mmoja mmoja na kusema kwamba watu wengi wenye vyeo wana madebe mazuri sana, wakati maswali yao ni ya punje. Tulikuwa tunacheka kwa adabu na kubadilisha mazungumzo.

Kisa kimoja ni cha kanisani, na waliohusika watanisamehe. Jumuiya yetu ilichoka kuona ndoa zinavunjika kabla mpiga picha hajamaliza kusafisha picha za harusi. Viongozi wakaamua kwamba wachumba wapimwe utayari wao kabla ya kutangazwa. Mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa mahakama akatunga maswali, yakachapwa vizuri, yakawekewa nafasi za kujaza. Je, unampenda mchumba wako? Je, utamvumilia akikosea? Je, uko tayari kuwapokea ndugu zake nyumbani? Wachumba wote walipata alama zote, isipokuwa binti mmoja muuza mitumba. Kwenye swali la kuvumilia aliandika, "Inategemea amekosa nini." Kwenye swali la ndugu aliandika, "Wangapi, na kwa muda gani?" Viongozi wakashauri ndoa yake isogezwe mbele mpaka atakapokomaa, na ili ushauri wao uwe na uzito wakamwalika mwalimu wetu mtaalamu wa vipimo aje auunge mkono.

Mtunzi wa maswali alimkabidhi karatasi kwa mikono miwili. "Mwalimu, hebu tuambie kama kuna kasoro. Sisi tunaona ni maswali ya ndoa kabisa."

"Ni kweli, mzee wangu, yana sura ya ndoa," akajibu. "Mtu yeyote akiyatazama ataona ni ya ndoa. Tatizo ni kwamba hata mchumba anaona hivyo hivyo, anajua mnataka aandike nini, naye anaandika. Mmepima kama mtu analijua jibu mnalolipenda."

"Na huyu binti aliyeshindwa?"

"Huyu hakupata alama, lakini ndiye peke yake aliyejibu."

Mzee alikunja karatasi yake bila furaha. Mwalimu akaendelea kueleza, kama vile yuko darasani, kwamba uhalali wa sura ndio mwepesi kuliko wote kwa sababu unatosheka na macho, na ndio maana unapendwa. Akasema kipimo cha ndoa kingehakikiwa na ndoa zenyewe: wafuatilieni hao waliopata alama zote, baada ya miaka kadhaa mtazame nani bado wanakula pamoja, na kama alama zenu hazikutabiri chochote, zitupeni. Huo aliuita uhalali wa utabiri. Hakuna aliyefuatilia, kwa kuwa kila mtu alikuwa na harusi nyingine ya kuchangia. Binti yule akafunga ndoa kwa tarehe yake. Bado yuko na mumewe, nawaona sokoni wakibishana mchana kutwa na kisha wakila kwenye sahani moja. Nilipompa mwalimu habari hizo, nikitarajia zitamfurahisha, alichosema ni, "Ndoa moja si ushahidi. Wale wengine wako wapi?" Kumfurahisha mtu wa namna hii kulikuwa kazi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mtoto wangu wa mwisho alipokuwa madarasa ya chini, nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule moja ya msingi huko Ruhuwiko, cheo ambacho kwa kawaida hupewa mtu aliyechelewa kufika kwenye kikao cha uchaguzi. Kulikuwa na mtoto wa kike wa darasa la kwanza aliyelelewa na bibi yake mzaa mama. Mwalimu wake alisema hajibu maswali, hafuati maagizo, na muda mwingi anatazama ukuta. Akaja kijana mmoja mtaalamu, mpole na mwenye nia njema kabisa, akiwa na kipimo kilichotafsiriwa kutoka ugenini cha kujua akili ya mtoto imefikia wapi. Alimkalisha mtoto kwenye kiti ofisini kwa mwalimu mkuu, yeye akakaa pembeni yake upande wa kushoto, akamuuliza swali la kwanza kwa sauti ya chini ili asimtishe. Mtoto alishuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni, akainamisha macho, akanyamaza. Kijana akamrudisha kitini na kuuliza tena. Mtoto akashuka tena. Kipimo kilikuwa na alama za kukaa kitini kwa utulivu, alama za kumtazama mpimaji usoni na alama za kujibu bila kusita, na mtoto hakupata hata moja. Ikaandikwa kwamba akili yake iko nyuma sana ya umri wake, na ikapendekezwa apelekwe shule ya bweni yenye kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, mkoa mwingine kabisa.

Bibi yake aliitwa kwenye kamati ili aelezwe. Alikuwa amemzika binti yake, yaani mama wa mtoto, na katika nyumba ile hakubaki mwingine. Alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka alioutandika mwenyewe.

"Mimi sijasoma," alisema. "Mkisema mtoto hana akili, nyie ndio wasomi. Lakini anapika kande zikaiva. Anafunga mbuzi wasijinyonge. Nikimtuma mashineni anarudi na unga wote. Sasa huko mnakompeleka, mimi nitamwona lini?"

Mjumbe mmoja akasema kimya kingi kina mshindo, huenda mtoto ana mambo makubwa kichwani. Mwingine akasema serikali haiwezi kukosea kwenye mambo ya akili. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa mtu wa busara na mwenye kuogopa barua za juu, akapendekeza tutafute mtu wa kutusaidia kabla ya kutia saini. Mwalimu mkuu huyo mwenyewe aliwahi kufundishwa na Mama Umepima Nini, kwa hiyo jina halikutafutwa mbali.

Alikuja kwa bodaboda, amevaa sweta lake. Alisoma kipimo chote akiwa amesimama, na jambo lililotushangaza ni kwamba hakuomba kumwona mtoto. Alimuuliza mwalimu wa darasa ni wasichana gani anawaona hodari, kisha katika hao ni nani wanalelewa na bibi zao au wametoka kijijini karibuni. Wakaletwa wachache. Akamwomba kijana mtaalamu awapime wale kwa namna ile ile, mmoja baada ya mwingine, sisi tukiwa tumekaa kimya nyuma. Wote walishuka kwenye kiti na kupiga magoti. Hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni. Kijana alianza kutabasamu kwa haya kabla hajafika kwa wa mwisho.

"Mwanangu," mwalimu alimwambia, "mtoto wa nyumba hizi amefundishwa kwamba mkubwa akikusemesha hukai juu ya kiti ukamkodolea macho. Wewe umempa sifuri kwa adabu yake."

"Lakini mwalimu, hiki kipimo kimeshathibitishwa."

"Kimethibitishwa wapi, na kwa watoto gani? Uhalali hausafiri ndani ya bahasha pamoja na karatasi. Kila kinapofika kipimo, inabidi uanze kuutafuta upya. Hebu tazama hapa, umemuuliza chakula kinatunzwa wapi kisiharibike, na jibu lenu ni friji. Mtoto ambaye kwao hakuna friji amekosa akili au amekosa friji? Huo ni uhalali wa maudhui, yaani yaliyomo kwenye maswali. Halafu kuna uhalali wa dhana, yaani kile kitu chenyewe unachodai kukipima. Unasema unapima akili. Kinachotoka hapa, kwa jinsi ninavyoona, ni mazoea ya mtoto kukaa na wageni ofisini."

Kijana hakubisha. Nilimheshimu kwa hilo, maana wapo ambao wangeanza kutaja vyeti. Kamati ikaamua kwa sauti moja kwamba mtoto abaki. Bibi alipoambiwa alipiga kigelegele kimoja kifupi, akakunja mkeka wake, akamshika mjukuu mkono wakaondoka. Mwalimu mkuu akafunga faili kwa raha. Mimi ningekuwa mtunzi wa hadithi ningeishia hapo, maana ilikuwa na kila kitu: kipimo cha kigeni kimeaibika, mila zetu zimeshinda, bibi amebaki na mjukuu wake. Nimesikia watu wakikisimulia kisa hiki na kukimalizia hapo hapo, na wasikilizaji wakitikisa vichwa kwa kuridhika.

Wiki iliyofuata alinipigia simu. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia kwa heshima kwamba suala limefungwa, naye akataka mjumbe yeyote wa kumsindikiza. "Twende kwa yule bibi," akasema.

"Kuna nini tena, Mwalimu? Si tulimaliza?"

"Tulichomaliza ni habari ya kipimo. Habari ya mtoto hatujaianza."

Njiani alinieleza, na ndipo nilipoona tofauti kati yake na sisi sote tuliokuwa ofisini siku ile. Wale wasichana hodari walipiga magoti na kutazama chini, ndiyo, lakini walipoulizwa mara ya pili walijibu, kwa sauti ndogo, wakiiambia sakafu. Huyu alipoulizwa mara ya pili hakujibu, na kwa maelezo ya kijana hata mara ya tatu hakujibu. "Wale kipimo kiliwaonea," alisema. "Huyu naye kilimwonea, lakini kuna kitu kingine. Kipimo kibovu kikisema mtoto ana tatizo, haina maana kwamba hana. Ina maana hatujui. Sisi tulikuwa na furaha mno ya kukishinda kipimo, tukasahau kwamba bado hatujui." Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile ile. Akasema siku ile alikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi haupelekwi kwenye kikao.

Bibi hakufurahi kutuona. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunyanyua macho. "Mlisema mtoto ni mzima," akasema. "Sasa mnatafuta nini kwangu? Mmebadilisha mawazo, mmekuja kumchukua?"

"Hapana, mama. Hachukuliwi na mtu. Nataka kuelewa kitu, na nikikikosa naondoka."

Bibi alikuwa anapukuchua maharage barazani pamoja na mjukuu wake. Mwalimu akavuta kigoda, akaanza kupukuchua naye, wakaongea Kingoni, mambo ya mvua na ya mashamba, kwa muda mrefu kiasi kwamba mimi nilianza kuangalia simu yangu. Kisha bibi akainuka kwenda jikoni, ambako kulikuwa upande wa kushoto wa mtoto, na akiwa kule akamwita alete ungo. Mtoto akaendelea kupukuchua. Bibi akaita tena. Mtoto akaendelea. Bibi akatoka amekunja uso.

"Mnamwona? Huyu ni mkaidi. Nikiwa huku jikoni hanijali mpaka nije na fimbo. Nikiwa upande wa zizi kule anaitika vizuri tu. Anachagua."

Mwalimu alihamisha kigoda chake upande wa zizi, kulia kwa mtoto, akamuuliza taratibu yule mbuzi mweusi amezaa lini. Mtoto akajibu, akiwa ameinama, kwamba bado hajazaa ila tumbo limeshuka. Mwalimu akarudisha kigoda upande wa jikoni, akauliza kwa sauti ile ile kama mbuzi huyo ni mkali. Mtoto akachukua ganda lingine la maharage akalifungua. Mwalimu akauliza tena. Mtoto hakuwa hata na dalili ya mtu anayejizuia kujibu. Alikuwa hajui kwamba anasemeshwa.

Hospitalini ilithibitika kwamba sikio la kushoto lilikuwa limekufa, na la kulia lilikuwa linasikia kwa shida kidogo. Aliwahi kutoka usaha masikioni akiwa mdogo, kipindi mama yake anaumwa, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufuatilia. Yule kijana mpimaji alikuwa amekaa kushoto kwake na kuongea kwa upole, na upole wake ndio uliomponza mtoto. Mwalimu wa darasa alikuwa amemkalisha dawati la kulia kabisa, sikio zima likitazama ukuta. Dawa ya shule ikawa rahisi: akahamishiwa dawati la mbele upande wa kushoto. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni bibi alipoelezwa na daktari. Alimtazama mtoto, akasema, "Basi nilikuwa namchapa bure." Akarudia maneno hayo kwa Kingoni, kwa sauti ya chini, akijiambia mwenyewe. Mwalimu akamshika bega. Mimi nilitoka nje, kwa sababu sikuweza kuvumilia kuwepo pale.

Nimekitafakari kisa hiki mara nyingi, na kadiri mji wetu unavyobadilika ndivyo ninavyoona kwamba kina makali pande mbili. Zamani tuliogopa kipimo. Mtihani ukisema mtoto hafai, mzazi alilia, akamtafutia jembe, basi. Siku hizi tumechangamka, tumejifunza kudharau. Nikipita mitaani nasikia watu wakisema mitihani haipimi akili, na kweli wana hoja. Shule zinabandika wastani wao kwenye mabango barabarani utadhani bei ya saruji. Waajiri wanapima Kiingereza cha mtu wakati wanatafuta fundi. Vijana wanapima uzuri wa wimbo kwa idadi ya walioutazama. Yote hayo yanastahili kuchekwa. Lakini mwalimu wetu alikuwa hacheki kwa muda mrefu. Ukimwambia mtihani haupimi akili, alikuwa anakubali haraka sana, halafu anakuuliza, "Sawa. Sasa wewe umejuaje akili ya mwanao?" Hapo wengi tunagundua kwamba tulikuwa tumekikataa kipimo kibovu na mahali pake tukaweka upendeleo wetu, ambao haujawahi kuhakikiwa na mtu yeyote.

Yeye alisema kazi ya kutafuta uhalali haina mwisho. Hakuna siku utapiga muhuri ukasema kipimo hiki ni halali, tulale. Ni ushahidi unaokusanywa kidogo kidogo, na unaweza kupunguka kesho. Kwa mtu wa kawaida hayo ni maneno ya kuchosha, na nakiri kwamba aliponieleza mara ya kwanza nilikuwa nawaza chakula cha mchana. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anaelezea kazi ya kurudi. Sisi tulikuwa watu wa kufika, tukifika tunafunga faili. Yeye alirudi Ruhuwiko ambako kila mtu alikuwa ameshamshukuru, akahatarisha shukrani hizo, akakaribishwa kwa uso uliokunjwa. Watu wa namna hiyo hawapendwi sana wakiwa hai. Huyu naye hakupendwa sana. Alizikwa na watu wengi wa heshima na wachache wa machozi, na mimi, nasema wazi, nilihuzunika kuliko nilivyotarajia.

Msibani walisoma wasifu wake chini ya turubai. Ulikuwa mrefu na kila kilichosomwa kilikuwa kweli: vyuo alivyosoma, miaka aliyofundisha, kamati alizohudumia, sakramenti alizopokea. Kisa cha sikio la mtoto hakikuwemo, kwa kuwa walioandika hawakukijua na mwenyewe hakuwahi kukisimulia. Mtoto yule, ambaye sasa ni binti mkubwa, alikuwepo, akiosha sahani pamoja na wanawake wa jumuiya. Msomaji anayesubiri nimwambie kwamba leo ni daktari au mwanasheria atanisamehe. Alimaliza kidato cha nne kwa alama za kawaida kabisa, akajifunza cherehani, sasa anashona sare za shule barazani kwa watu. Bibi yake bado yuko hai, haoni vizuri, anaishi naye chumba cha pili. Miaka michache iliyopita nilimwambia marehemu kwamba nilidhani yule mtoto angefika mbali zaidi, baada ya yote yale. Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake. "Nani alikuambia lazima afike mbali ndipo sisi tuwe tumefanya sawa?" akasema. "Alitakiwa asikie."

Baada ya mazishi nilimfuata yule binti kwenye beseni la sahani ili nimpe pole. Nilisimama kushoto kwake bila kufikiri, nikasema maneno yangu, na mwanamke mwingine akamgusa kuonyesha kwamba kuna mtu. Akageuka mwili mzima, mikono ikidondosha maji, akaomba niseme tena. Nikasema tena. Kisha nikamuuliza anamkumbukaje mwalimu, nikitegemea atanieleza habari za hospitali au za kitengo ambacho hakupelekwa.

"Yeye alikuwa hasubiri nigeuke," akasema. "Alikuwa anazunguka mwenyewe kwanza, anakuja huku, ndipo ananisalimia."

Mimi nimemfahamu binti huyo tangu ana miaka saba, nilikuwepo kigoda kilipohamishwa, na bado nilisimama upande usiosikia. Fundisho ninalolichukua kwenye msiba huu ni dogo na sina uhakika kwamba nitaliweza: kabla ya kumpa mtu alama, tuzunguke kwanza mpaka upande anaosikia, halafu tumuulize tena.